SOMO LA WIKI: Kupanga safari kwa kufuata sikukuu za chakula Asia

Tiketi ya ndege hukatwa kwa kalenda inayoanza Januari na kuishia Desemba. Chakula cha sikukuu barani Asia hupikwa kwa kalenda nyingine, na mara nyingi kwa kalenda zaidi ya moja ndani ya mji mmoja. Katika pengo lililopo kati ya kalenda hizo ndimo fedha za wasafiri wengi hupotelea. Mtu hujibana miaka miwili, akakata tiketi ya Phuket, Thailand, kwa wiki ya kwanza ya Oktoba kwa sababu mwaka uliotangulia sikukuu ilikuwa wiki hiyo. Akifika anakuta mji umetulia na wapishi hawajawasha hata jiko. Mwaka 2024 sikukuu hiyo ilianza tarehe 3 Oktoba. Mwaka 2025 ilianza tarehe 21 Oktoba. Hakuna aliyemdanganya, alisoma tarehe badala ya kusoma mwezi.

Somo la wiki hii linamhusu msafiri wa aina hiyo, awe mfanyabiashara anayetaka kuunganisha safari ya mzigo wa Guangzhou na siku chache za kula vizuri, au mtumishi aliyeweka akiba kwa ajili ya likizo moja kubwa. Chakula cha sikukuu kitachukuliwa hapa kama bidhaa nyingine yoyote: kina msimu, kina mahitaji na ugavi, kina bei ya jumla na ya rejareja, na kina siku ambayo thamani yake huanguka ghafla.

Kwanza kalenda

Wasomaji wa pwani hawahitaji kufundishwa kalenda ya Hijra. Wanajua kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, na kwamba baada ya miaka 33 hivi huwa imezunguka majira yote. Mwaka 2030, kwa mfano, Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kalenda hii ndiyo inayoongoza masoko ya futari ya Malaysia, kama lile la Kampung Baru katikati ya Kuala Lumpur, ambako meza hupangwa alasiri na biashara kubwa humalizika kabla ya adhana ya magharibi. Anayefika saa mbili usiku hukuta makapi.

Kalenda ya Kichina nayo hufuata mwezi mwandamo, lakini haizunguki. Kila inapobaki nyuma ya jua huongezewa mwezi wa kumi na tatu, mara saba katika kila miaka 19. Kwa hiyo sikukuu zake huyumba mbele na nyuma ndani ya majira yale yale. Kanuni ya kukumbuka ni nyepesi: mwaka wa kawaida sikukuu hurudi nyuma siku kama 11, mwaka uliopachikwa mwezi wa ziada hurukia mbele siku 18 au 19. Mwaka 2025 ulikuwa na mwezi wa sita mara mbili, na ndiyo sababu sikukuu ya Phuket ilisogea kutoka tarehe 3 hadi 21 Oktoba. Kwa mwaka 2026 mwezi wa tisa wa Kichina unaanza tarehe 10 Oktoba. Hesabu hii mtu anaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu.

Jimbo la Kerala, kusini mwa India, hutumia miezi ya jua, na siku kuu ya Onam huangukia wakati nyota iitwayo Thiruvonam inapofika katika mwezi wa Chingam. Ni kati ya nusu ya pili ya Agosti na nusu ya kwanza ya Septemba: tarehe 5 Septemba mwaka 2025, tarehe 26 Agosti mwaka 2026. Zipo pia sikukuu za tarehe ngumu, kama Songkran ya Thailand ambayo ni 13 hadi 15 Aprili kila mwaka. Hizo hazina fumbo, na kwa sababu hazina fumbo, vyumba vyake hujaa mapema kuliko vyote.

Mavuno na desturi ni vitu viwili

Baada ya tarehe, swali linalofuata ni la kiuchumi. Je, sikukuu inafanyika kwa sababu bidhaa imekuwa nyingi, au bidhaa inatafutwa kwa sababu sikukuu imefika? Embe la msimu mkoani Tanga hushuka bei kwa kuwa limejaa kila mahali. Kuku hupanda bei wiki ya Idi na ya Krismasi ingawa idadi ya kuku mabandani haikupungua. Ni wanunuzi walioongezeka kwa siku moja. Sikukuu ya mavuno humpa msafiri bei nzuri na bidhaa bora kwa pamoja. Sikukuu ya desturi humpa upishi wa hali ya juu, lakini humdai malipo mahali asipotazamia, na kwa kawaida si kwenye sahani.

Onam ni mfano mzuri wa aina hii ya pili. Ingawa kihistoria ni sherehe ya mavuno, na watu wa Kerala wa dini zote huisherehekea kwa kumkumbuka Mfalme Mahabali, soko lake leo ni soko la mahitaji. Kilele ni mlo wa mchana uitwao sadya. Wali huandaliwa juu ya jani la mgomba, ukizungukwa na vyakula zaidi ya 20: dengu, sambar, avial ya mboga na nazi, olan ya boga, achari za embe na ndimu, chipsi za ndizi, na mwishoni payasam, uji mtamu wa maziwa au tui la nazi na sukari guru. Kila kitu kina mahali pake kwenye jani. Hakuna nyama. Mtu wa Pemba au Lamu atakuta ladha nyingi asizozigenea, kwa kuwa nazi ndiyo mama wa jikoni hilo.

Sasa tazama soko lililo nyuma ya jani hilo. Kerala hailimi mboga za kujitosheleza. Sehemu kubwa hutoka jimbo jirani la Tamil Nadu, na soko la Oddanchatram ni mojawapo ya vituo vikuu vya kupakia malori yanayovuka mpaka kuingia Kerala. Maua ya kupamba nyua hutoka Thovalai, karibu na ncha ya kusini kabisa ya India. Kwa hiyo katika siku kumi za kuelekea Onam, jimbo zima hununua vitu vile vile kwa wakati mmoja kutoka kwa wakulima wa jimbo jingine. Maharage ya kijani, ndizi aina ya nendran na maua hupanda bei kila mwaka. Serikali ya jimbo hujibu kwa kufungua masoko ya muda kupitia mashirika yake kama Supplyco, yanayouza mchele, sukari, mafuta ya nazi na viungo kwa bei ya ruzuku. Siku ya mwisho kabla ya Onam ina jina lake maalumu kwa ajili ya mbio za manunuzi, na anayetaka kuona soko la Kihindi likiwa katika nguvu zake zote aende siku hiyo. Asinunue kitu, atazame tu.

Mlaji wa sadya katika mkahawa hatahisi sana kupanda kwa bei ya maharage. Atahisi nauli. Zaidi ya Wakerala milioni mbili wanaishi nje ya India, wengi wao katika nchi za Ghuba, na wengi hutaka kuwa nyumbani siku hiyo. Njia za kawaida za msafiri wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi kwenda Kochi hupitia viwanja vile vile vya Ghuba, kwa hiyo anagombea kiti na fundi wa Dubai na muuguzi wa Muscat ambao wao hawana mwaka mwingine wa kusubiri. Malalamiko juu ya nauli za Onam ni ya kila mwaka katika magazeti ya Kerala.

Mambo mawili humsaidia msafiri. La kwanza ni kufika mapema, karibu na siku ya Atham inayofungua zile siku kumi, badala ya kufika mkesha. Anapata nauli nafuu na anaona maandalizi, ambayo kwa kweli ndiyo nusu ya sherehe. La pili ni kuangalia upande wa kurudi. Onam inapoangukia mwishoni mwa Agosti, kama mwaka 2026, wiki inayofuata familia nyingi zinarudi Ghuba kuwahi kufunguliwa kwa shule, na nauli ya kutoka Kerala huwa juu kuliko ya kwenda. Njia ya kuikwepa ni kutoka kwa treni hadi Mumbai, safari ya zaidi ya siku nzima, kisha kupanda ndege ya Afrika Mashariki huko. Lakini treni nazo hujaa. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 reli ya India huanza kuuza nafasi siku 60 kabla ya safari. Zamani zilikuwa 120. Tarehe hiyo ya kufunguliwa iandikwe ukutani.

Ipo hatari ambayo hakuna mpango unaoiondoa. Agosti ni mwezi wa mvua za masika ya kusi huko. Mwaka 2018 mafuriko makubwa yaliua zaidi ya watu 400 katika Kerala, uwanja wa ndege wa Kochi ukafungwa kuanzia tarehe 15 hadi 29 Agosti, na Onam yenyewe, iliyokuwa tarehe 25, ikapita bila sherehe za serikali. Mwaka 2024 sherehe za serikali zilifutwa tena baada ya maporomoko ya ardhi ya Wayanad. Msafiri asiyekata bima, au aliyelipia hoteli isiyorudisha fedha ili kuokoa dola chache, ndiye anayelipa gharama ya mvua.

Phuket: bei inayopanda ni ya kabichi

Sikukuu ya kula mboga ya Phuket huchukua siku tisa za mwanzo za mwezi wa tisa wa Kichina. Masimulizi ya kisiwani yanaianzisha mwaka 1825 katika machimbo ya bati ya Kathu, ambako kikundi cha waigizaji wa Kichina kilichokuja kuwatumbuiza wachimbaji kilipatwa na maradhi, kikaacha nyama na kufanya ibada, kikapona. Leo wageni wengi huvutiwa na waganga wanaojitoboa mashavu katika maandamano. Anayekwenda kwa ajili ya chakula anaweza kuyapisha.

Alama ya kutafuta ni bendera ndogo ya njano yenye maandishi mekundu. Kibanda chenye bendera hiyo hakiuzi nyama, samaki, mayai wala maziwa. Hakitumii hata kitunguu maji wala kitunguu saumu, na hapo ndipo ustadi ulipo: mpishi aliyenyang'anywa kitunguu analazimika kutafuta ladha kwenye uyoga, soya iliyochachuliwa, tangawizi na pilipili manga. Kwa Mwislamu anayesitasita mbele ya mabanda ya Thailand miezi mingine, siku hizi tisa zina nafuu ya pekee, ingawa bado ni busara kuuliza juu ya pombe katika mchuzi na juu ya chakula kilichotolewa kwanza madhabahuni.

Sikukuu hii si ya Phuket peke yake. Bangkok na miji mingi huifuata. Chuo Kikuu cha Chama cha Wafanyabiashara cha Thailand hufanya makadirio ya matumizi kila mwaka, na kwa mwaka 2023 na 2024 yalizidi baht bilioni 40. Mamilioni ya walaji wanapoacha nyama kwa wakati mmoja, kabichi na figiri hupanda bei, hasa mvua za Oktoba zikiwa zimeharibu bustani, na Wizara ya Biashara hutuma wakaguzi sokoni. Wakati huo huo mahitaji ya nyama ya nguruwe hupungua. Kwa mwanafunzi wa biashara hakuna somo la bidhaa mbadala lililo wazi kuliko hili.

Kwa malazi, Phuket ni kinyume cha Kerala. Septemba na Oktoba ni majira ya mvua, hoteli za ufukweni ziko nusu tupu na bei zake ziko chini. Vyumba vinavyojaa ni vya mji mkongwe, karibu na hekalu la Jui Tui katika barabara ya Ranong. Mwenye fedha kidogo alale ufukweni na aende mjini kwa magari ya abiria ya bluu ambayo kituo chao kiko barabara hiyo hiyo ya Ranong, mkabala na soko. Tatizo ni kuwa magari hayo huacha kazi mapema jioni, na teksi ya usiku inaweza kumaliza faida yote ya chumba cha bei nafuu. Basi alale mjini usiku mmoja au miwili tu, na usiku wa mwisho uwe mmojawapo, kwa kuwa ndio wenye fataki na maandamano makubwa.

Keki zisizookwa

Siku ya 15 ya mwezi wa nane wa Kichina, mwezi mpevu wa vuli, huliwa keki nzito za mviringo zenye lahamu ya mbegu za yungiyungi na kiini cha yai la bata lililotiwa chumvi. Katika Hong Kong biashara ya keki hizi huanza miezi kadhaa kabla, na kinachouzwa si keki bali kuponi.

Mzunguko wake unastahili kuelezwa taratibu. Tuseme kuponi ina thamani ya dola 100 usoni. Mwoka mikate anaiuzia kampuni kwa 80. Kampuni inampa mfanyakazi wake kama zawadi. Mfanyakazi hapendi keki, anamuuzia mchuuzi wa mtaani kwa 50. Mchuuzi anairudisha kwa mwoka mikate kwa 60. Mwoka mikate amebakiwa na 20, mchuuzi ana 10, mfanyakazi ana 50, jumla 80 zilizotoka kwenye kampuni, na hakuna aliyekanda hata kiganja kimoja cha unga. Ni hati ya fedha yenye harufu ya sukari.

Na kama hati zote, husimama kwa imani. Novemba 1997, wakati misukosuko ya fedha ya Asia ilipokuwa imepamba moto, uvumi ulienea Hong Kong kuwa kampuni moja ya keki imeishiwa. Wateja wakajipanga foleni nje ya maduka yake kukomboa kuponi kama watu wanaoondoa akiba benki. Kampuni hiyo ilinusurika. Nyingine, Maria's, ilifungwa mwaka 1998, na wenye kuponi zake wakabaki na karatasi. China bara, serikali ilipiga marufuku mwaka 2013 kununua keki hizi kwa fedha za umma kama zawadi, na mwaka 2022 ikaweka chini ya uangalizi maboksi yanayouzwa zaidi ya yuan 500, ambayo mara nyingi hubeba thamani zaidi kwenye boksi kuliko ndani yake.

Funzo kwa msafiri ni la tarehe. Keki hii haina soko siku ya 16. Duka lililouza kwa bei kamili jana hupunguza leo, kwa sababu hakuna wa kupelekewa zawadi tena. Anayetaka kuonja aina nyingi kwa fedha kidogo anunue asubuhi ya baada ya sikukuu, ambayo Hong Kong ni siku ya mapumziko. Anayetaka kuona joka la moto la mtaa wa Tai Hang hana budi kuwapo usiku wa sikukuu, au wa kabla yake au wa baada yake, na kulipia chumba kwa bei ya siku hizo. Akumbuke pia kuwa Septemba ni mwezi wa vimbunga. Tangazo la kimbunga namba nane likipandishwa, maduka mengi, vivuko na ndege nyingi husimama. Na asijaze sanduku kwa keki za kurudi nazo: kiini cha yai kinaweza kumletea matatizo forodhani.

Doriani la Chanthaburi na samaki wa Meguro

Kwa sikukuu ya mavuno halisi, msafiri aende Chanthaburi, mashariki mwa Thailand, kati ya Mei na Juni, wakati maonyesho ya matunda ya jimbo hilo yanapofanyika. Mtu wa Unguja hatakuwa mgeni: doriani na shokishoki anazijua kwao. Hapa atazikuta kwa malori. (Asiyevumilia harufu ya fenesi bivu asijisumbue, na aliyevumilia asipeleke doriani hotelini, kwani hoteli nyingi zimeweka alama ya kulikataza mlangoni.)

Nadharia inasema bei shambani iwe chini sana katika wiki hizo. Kwa shokishoki na mangostini inakuwa hivyo. Kwa doriani, nadharia imekutana na China. Mwaka 2023 China iliagiza kutoka nje tani zipatazo milioni 1.4 za doriani mbichi, zenye thamani ya dola bilioni 6.7 hivi, nyingi kutoka Thailand. Wanunuzi wa China hufika hadi kwenye vituo vya kufungashia vya Chanthaburi na kuchukua daraja la kwanza. Mlaji wa pale pale hulipa bei inayovutwa na Guangzhou, kama ambavyo mtu wa Mwanza hulipa bei ya sangara inayovutwa na viwanda vya minofu. Faida ya kwenda Chanthaburi imebaki katika ubichi wa tunda, katika aina ambazo hazisafirishwi nje, na katika madaraja ya chini yenye umbo baya ambayo ladha yake haina kasoro.

Aina ya tatu ni sikukuu ya mavuno ambayo mavuno yenyewe hayakutokea. Katika mtaa wa Meguro, Tokyo, kila vuli huchomwa samaki aina ya sanma kwenye mkaa na kugawiwa bure kwa maelfu ya watu wanaopanga foleni, kwa kumbukumbu ya kisa cha kuchekesha cha bwana mkubwa aliyedhani Meguro, mahali pasipo na bahari, ndiko sanma hutoka. Samaki huletwa kutoka bandari za kaskazini kama Miyako na Kesennuma. Japani ilivua zaidi ya tani 300,000 za sanma mwaka 2008. Mwaka 2022 haikufikisha tani 20,000. Mwaka 2025 wavuvi walipata afueni, lakini hakuna anayeweza kuuza tiketi kwa ahadi ya bahari. Meguro ifanywe nyongeza ya safari ya Tokyo yenye sababu nyingine, isiwe sababu yenyewe.

Kuunganisha sikukuu mbili

Kosa la kawaida la anayekwenda Asia mara moja ni kutaka zote. Chukua mwaka 2026: Onam ni 26 Agosti, mwezi mpevu wa vuli ni 25 Septemba, Phuket inaanza 10 Oktoba. Kwenye karatasi zinafuatana vizuri. Lakini kati ya Onam na Hong Kong kuna siku 30. Tuseme msafiri anaishi kwa dola 40 kwa siku. Kusubiri tu kutamgharimu dola 1,200, ambazo zinaweza kutosha kurudi nyumbani na kwenda tena. Pengo la kati ya Hong Kong na Phuket ni siku 15, yaani dola 600, na katikati yake kuna likizo ya taifa ya China kuanzia tarehe 1 Oktoba, ambapo treni, vyumba na ndege za ukanda mzima hupanda bei. Mwenye akiba ya kawaida achague moja kama nguzo, na nyingine aikubali ikiwa tu iko ndani ya siku kumi.

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba ana nafasi nzuri zaidi kwa sababu safari yake ina nguzo tayari. Maonyesho ya Guangzhou ya vuli huanza tarehe 15 Oktoba, na hugawanywa katika awamu tatu: mashine na vifaa vya umeme kwanza, vyombo vya nyumbani na mapambo kuanzia tarehe 23, nguo na bidhaa za watoto kuanzia tarehe 31. Mnunuzi wa vyombo vya nyumbani anaweza kukaa Phuket siku zote tisa, hadi tarehe 18, na bado akafika Guangzhou kabla ya awamu yake. Mnunuzi wa mashine anapata siku tatu nne za mwanzo tu. Yule wa nguo afikirie mara mbili, kwa kuwa wiki mbili za kungoja zitakula faida ya marobota kadhaa. Kwa wote, chumba cha Guangzhou kilipwe kabla ya tiketi ya Phuket. Bei za hoteli wakati wa maonyesho hazimsubiri mtu aliye ufukweni.

Katika kulipa, utaratibu ni huu: vinavyopanda kadiri siku inavyokaribia vilipwe mapema, yaani nauli, usiku ule wa kilele, na meza ya sadya katika mkahawa wenye jina. Visivyopanda, au vinavyoshuka, viachwe: chakula cha vibandani, usafiri wa ndani, vyumba vya siku za kawaida. Fedha taslimu za noti ndogo zibebwe, kwa sababu wachuuzi wa India na China wamezoea kulipwa kwa simu kupitia akaunti za benki za kwao, na mgeni mwenye kadi tu anaweza kusimama mbele ya chungu akiwa na njaa.

Limebaki la kadi ya njano. India na Thailand hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi kadhaa za Afrika Mashariki, na India inaweza kumweka karantini hadi siku sita asiye nacho. Cheti huanza kutumika siku ya kumi baada ya sindano, kisha hudumu maisha. Anayedungwa wiki moja kabla ya kuondoka anaweza kuula mkesha wa Onam akiwa nyuma ya dirisha la hospitali ya uwanja wa ndege.